Bakuli la Kumbikumbi

Mama yangu uliyelala kaburini Dadamu,

Unakumbuka tulipoikimbia vita hapa Uganda tukaingia Kongo, nami bado mtoto wa kubebwa mgongoni kila miguu ilipochoka? Yule mama mwenye shamba alitupa pa kulala, na msimu wa kumbikumbi ulipofika akakuonyesha upande mmoja wa kichuguu chake. Kichuguu ni urithi wa ukoo, hakigawiwi ovyo, nawe ukasita. Akakucheka: "Kitu ya mvua, mutu hakule peke yake!" Ukaketi ukapigapiga vijiti juu ya gogo huku ukinyunyiza maji, kuwadanganya kumbikumbi kwamba mvua imefika. Wakatoka kweli, wajinga wale, nikacheka mpaka nikajikojolea.

Siku hizi wajinga ni sisi. Mvua inanyesha kidogo, tunakimbilia kupanda mtama na maharage, kisha inakata mguu na miche inaungua. Redioni wanasema kuna mpaka ambao hali ya hewa ikiuvuka hairudi tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilidhani ni habari za barafu za mbali huko. Kumbe watu nao wana mpaka wao, nami nimeuvuka.

Huku Koboko nilikoolewa wamenichagua kutunza ufunguo wa kisima chetu cha pampu. Najua ungejivunia. Maji yalipopungua, kikao kiliamua wageni wa Sudan Kusini wachote mwisho. Baadaye wasichote kabisa. Vijana wakaanza kushinda pale na mapanga, eti wanalinda amani. Nikafunga kufuli.

Juzi alikuja kisimani kuomba maji jirani yetu mgeni, Achol, aliyejifunzia Kiswahili sokoni. Nilimuuliza ni vita gani iliyomleta.

"Maji ilikula kijiji yetu," alisema. "Ng'ombe ikafuata nyasi kwa watu ingine. Bunduki ikafuata ng'ombe." Akawatazama vijana wetu. "Ilianza hivi hivi. Na panga."

Nikamjibu, "Dada, kwenda tu. Maji iko kidogo." Akaondoka na jerikeni lake tupu. Nilisema hivyo mimi, Mama, niliyekuzwa kwa maji ya watu. Naona haya hata kukuandikia.

Leo asubuhi nilisikia gogo likipigwa kwenye kile kichuguu cha kando ya barabara kisicho na mwenyewe. Walikuwa watoto wa Achol. Hawakuwa na maji ya kunyunyiza, wakapiga vijiti tu. Baadaye mama yao akaja kwangu na bakuli la kumbikumbi waliokaangwa, halikufika hata nusu.

"Sisi iko jirani," alisema. "Tulipata kidogo. Hii ni yako, mama ya kisima."

Nilipokea kwa mikono miwili, ufunguo ukining'inia kifuani. Sikuweza kumtazama usoni. Nimewala, walikuwa watamu.

Ulinifundisha kwamba bakuli la jirani halirudi tupu. Nimetafuta jikoni, hata unga wa muhogo umekwisha. Nilicho nacho ni ufunguo. Basi nakwenda kulijaza pampuni mchana huu huu, Achol akinifuata na jerikeni lake, vijana wakituona. Naogopa sana. Wakinitukana usinihurumie, matusi hayo nimeyachuma mwenyewe.

Pumzika, Mama, ila usinigeuzie uso.

Ni mimi, binti yako uliyembeba mgongoni kwenda kuomba maji kwa watu.