Nimewadanganya watu wa kuhesabu kaya

Leo Jumapili, mwezi wa tatu, 1997. Mvua tangu alfajiri, kijiji chetu cha Michenga chote matope. Nasema, mwanangu Yusta anaandika kwenye daftari. Mimi kalamu sijawahi kuishika.

Yusta anafanya kazi Ifakara mjini, kwenye kompyuta. Wanatengeneza programu ya kuweka majina ya kaya zote za huku bondeni, nani yupo, nani amezaliwa, nani amehama. Sasa wamebishana njia ya kuitengeneza. Bosi wake anataka waandike kila kitu kwanza kwenye karatasi, watie sahihi, ndipo waijenge yote mwaka mzima, waifungue siku moja. Yusta anataka kipande kidogo kwanza, wakijaribu kwa kaya chache, warekebishe, waongeze kingine. Bosi kamcheka. "Yusta, wewe unajenga programu au unaonja mboga?" Lakini kamwambia achague yeye, kesho asubuhi ajibu. Ikiharibika, kazi hana.

Mimi nilimwambia juzi, njia yako nzuri. Mwaka nilioolewa nilisuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, nikausuka wote bila kuupima, nikauviringisha. Kuja kushona, kumbe nilikuwa naupunguza upana njia nzima, mkeka ukatoka mdogo! Mama mkwe kaulalia, miguu yote sakafuni. Alinisema mpaka anakufa, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo yule.

Basi Yusta kafurahi. Kasema, "Mama, tutaanza na kitongoji chetu hiki."

Hapo ndipo nikaogopa.

Maana wale wa kuhesabu kaya, wanaopeleka karatasi ofisini kwa kina Yusta, wakija wanauliza nani analala hapa. Nawataja wote, na Evarist namtaja. Evarist ni mwanangu wa kiume, mdogo wake Yusta. Alikwenda Chunya kwenye dhahabu, masika ya tano haya, hakuna barua, hakuna salamu. Wakiuliza yuko wapi, najibu yupo shamba. Nani atabisha? Msimu wa mpunga nusu ya Michenga inalala mashambani huko mbugani. Wanaandika yupo, wanakunywa maji, wanakwenda.

Kila wakija, yupo shamba.

Sikutaka waandike amehama. Aliyehama anaaga, anabeba godoro. Huyu alisema anarudi kabla ya kuvuna.

Mbona kalamu imesimama? Andika, mwanangu. Usinitazame hivyo.

Nilijua hujui kwamba namtaja. Kwako wewe kule zinafika namba tu. Lakini umenieleza mwenyewe, programu yako itauliza kila mtu ameonekana lini kwa macho. Basi siku ya kwanza ya kuijaribu, uongo utakaotoka ni wa mama yako. Bosi atasema ndiyo haya, njia ya Yusta imeanza na uchafu wa nyumbani kwao. Nimekaa siku mbili naomba uchague njia yake yeye, kila kitu kifungwe kwenye karatasi, Evarist abaki humo anakula nasi. Mama gani anamwombea mwanawe akosee kazi?

Nimeomba hivyo. Nisamehe.

Halafu leo kanisani nikawaza, kama mimi nimesema yupo shamba, wangapi wamesema? Mama Winfrida hapo jirani, mume wake naye ni wa shamba, na shamba lenyewe lina mke mwingine. Wakiijenga mwaka mzima juu ya maneno yetu, siku ya kuifungua itakuwa imejaa watu wasiokuwepo. Na wa kufukuzwa ni wewe.

Kwa hiyo kesho mwambie bosi njia ni yako. Na kaya ya kwanza iwe yangu, kabla ya Mama Winfrida, kabla ya yeyote.

Utakuja na makaratasi yako, utaniambia shikamoo, utakaa, utaniuliza kama mgeni: Evarist umemwona lini?

Nitafungua mdomo. Sijui kitatoka nini.