Karatasi Niliyoificha Kangani

Mwanangu Khamis,

Sasa hivi mdogo wako Nasri, niliyekuja naye, kajivika kawa kichwani, kanipigia saluti, wali kauacha wazi kwa nzi. Anakusalimia. Baba yako hajambo, kikohozi kimemwacha.

Umeniuliza kwa nini shangazi yako sijakata rufaa nirudi jeshini. Karatasi yangu ya kuachishwa imeandikwa kwamba nlitoroka. Siku bibi yako alipofariki, afande wangu aliniambia, "Nenda kamzike mama, ruhusa ntaiandika mimi." Akasahau. Angelisema hilo yeye tu, ningesafishwa jina, ningeweza kuandikishwa tena.

Basi mwezi uliopita nikaja kwake hapa Chukwani, karatasi mkononi. Nikakuta majamvi yametandikwa. Afande kazikwa jana yake. Nikaikunja karatasi nikaificha kangani, nikakaa na wanawake wenzangu. Mkewe, Bi Salma, akanitazama. "Wewe ndiye yule aliyefiwa na mama? Alikuwa akikutaja, akijilaumu kwa kusahau ile ruhusa."

Nikampa mkono wa pole. Mfiwa siku ile alikuwa yeye. Langu lilikuwa la karatasi tu.

Tangu hapo kila Ijumaa naja kumpikia, maana anakaa eda, hatoki. Angeandika hayo aliyoyasikia kwa mumewe, labda wangenikubalia. Lakini nianzeje, mwanangu? Na umri wa kuandikishwa ndio huo unanipita.

Ngoja, ananiita chumbani. Anataka nimpelekee kalamu hii hii ninayoandikia, na ile karatasi niliyoificha siku ya msiba, kumbe aliiona, na