Mikono Juu Mbele ya Mthibiti

Mama Nasma, acha unachofanya usome hii. Ni Isabela wetu, mwalimu wa darasa la awali hapa Kitangari.

Leo alikuwa anawaimbisha watoto. Akiimba sauti nyembamba, wanainua mikono juu. Akiimba sauti nene, wanachuchumaa. Mara mlangoni katokea mthibiti ubora, mkaguzi wa shule, bila taarifa, na unajua Isabela anavyowaogopa hao.

Yule baba ana sauti nzito kama ngoma. Akasema, "Hamjambo, watoto?"

Darasa zima likachuchumaa.

Isabela, kwa woga, akatoa kasauti ka kifaranga: "Shikamoo."

Mikono yote juu.

Mimi nilikuwa dirishani, nimeng'ata kanga.

"Hawa watoto wana nini?" yule baba akauliza. Wakachuchumaa tena.

Isabela karibu alie. "Ndilo somo lenyewe, mzee. Wanasikiliza sauti."

Yule baba akaandika weee. Nikajua kibarua cha mwenzetu kimeota nyasi.

Kumbe kaandika "vizuri sana". Alipofika mlangoni akageuka, akabana koo: "Kwaherini."

Mikono juu. Akarudia mara tatu, mtu mzima yule, anacheka peke yake.

Isabela ameniapisha nisimwambie mtu. Sasa wewe ni mtu?