Tufepambo

Mwenzangu, nimejifungia chooni hapa kazini kwa aibu.

Kikao cha kamusi. Masaa mawili mazima tunabishania vile vipira vya kung'aa vya kwenye mti wa sikukuu viitweje. Nikasimama na karatasi yangu kutetea "tufepambo". Miezi mitatu nimelitunga hilo!

Mwenyekiti akamgeukia mama wa usafi aliyekuwa anakusanya vikombe. "Mama, wewe unaviitaje?"

"Mapambo."

MAPAMBO! Basi!

Nami kimbelembele: "Na zile nyuzi za kumetameta je?"

"Mapambo. Yakishadondoka ni takataka, maana nafagia mimi."

Mwenyekiti kayaandika yote, neno kwa neno. Wajumbe wakapiga makofi, karatasi ikaniponyoka mkononi.

Mama akaja na ufagio, akaifagia.