Kisanduku cha Pombe

Mjukuu wangu Makokha,

Usicheke. Nimemaliza shule juzi, lakini baba yako ananiita mama mdogo, kwa hivyo mimi ni nyanya yako. Huku Butere tu wazima, na ng'ombe amezaa.

Umeuliza polisi wanajuaje kwamba kosa limeletwa na pombe. Wanauliza tu. Mwaka jana kaka yangu Shiundu alimpiga jirani wakigombania mpaka wa shamba. Kituoni, tukiwa na mama na jirani huyo, afande alifika kwenye kisanduku kimoja cha fomu. "Alikuwa amelewa?"

"Chakari," mama akajibu haraka. Kwetu mlevi husamehewa.

Niliuliza kwa sauti ndogo majibu hayo huenda wapi.

"Tunayajumlisha, tujue pombe inaleta makosa mangapi. Wewe ulimwona akinywa?"

Mama akanikanyaga mguu. Niliogopa nikisema ukweli Shiundu atafungwa.

"Mwache mtoto, afande," Shiundu akasema. "Nilikunywa chai."

Afande akakata jibu la mama, akaandika "Hapana".

Jirani alimgeukia Shiundu polepole. "Kumbe ulikuwa na hasira nami kweli?"

Hapo ndipo walipoanza kuzungumzia mpaka wenyewe.

Tangu siku hiyo najiuliza ni fomu ngapi zina jibu kama la mama.

Nyanya yako mdogo,
Nekesa