Rafiki Yako wa Alhamisi

La Rochelle, Johannesburg
Jumapili, 13 Oktoba 2019

Mdogo wangu Tumu,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama, na ikukute u mzima wewe na Mama. Kile kikohozi chake cha tangu Mfungo Tatu nasikia kimepungua, nami nashukuru. Mpe salamu zangu, ingawa utakapomaliza kusoma huenda usitake kumpa mtu yeyote salamu zangu.

Mimi huku mwili haujambo. Yale mambo ya kushambuliwa wageni mwezi uliopita mliyoyaona kwenye televisheni yametulia. Duka letu la mapazia pale Kensington halikuguswa, tulilifunga tu wiki nzima, na sasa nimerudi kwenye cherehani yangu. Barua hii anakuletea Mselem, yule mfanyabiashara wa mitumba wa Chumbageni. Nimemwambia aiweke mkononi mwako wewe mwenyewe. Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei tangu siku ile niliyokupigia, mumeo Bakiri alipokurudisha nyumbani. Sikulaumu. Na hata ungepokea, ninayotaka kukuambia yasingenitoka kinywani.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 2015, mwezi wa nne, wageni tulifukuzwa na kupigwa hapa mjini, ukawa unanipigia kila siku kuuliza kama niko hai. Siku zile hatukutoka chumbani. Nilikuwa nimejifungia na Elisée, Mkongo wa Uvira ninayepanga naye mpaka leo, anafanya kazi kwenye duka la kuchapa kule Newtown. Yeye aliimba nyimbo za kwaya yao kwa sauti ya chini. Mimi, kwa kukosa la kufanya, nikaanza kuandika hadithi kwenye simu. Ilimhusu mjane mmoja anayeitwa Zaina, na fundi aliyekuja kumpimia madirisha. Nilitaka wapendane tu, basi. Lakini ilifika mahali wakafunga mlango, nami badala ya kubaki nje kama mtu mwenye adabu, nikaingia nao.

Nilipomsomea Elisée, alisema, "Ndugu, hii kitu watu watasoma. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilitaka uendelee."

Nikafungua ukurasa wa Facebook, nikawa naweka sehemu moja kila Alhamisi. Hadithi nikaiita Pazia la Kijani. Nilifikiri kwamba mwanamume akiandika mambo yale ataonekana mhuni, na wanawake watamkimbia, kwa hiyo nikajipa jina la kike. Jina lenyewe nitalitaja, nipe muda kidogo. Ninachotaka ujue ni kwamba uongo ulitangulia, uchafu ukafuata.

Watu walisoma, Tumu. Walisoma Tanga na Mombasa na Bujumbura, na Muscat pia. Zile sehemu zenye moto zaidi nikawa nawauzia wanaotaka kwa laini nyingine ya simu, na mwaka jana Elisée akanichapia vijitabu vyenye pazia kwenye jalada. Alivichapa wakati bosi wake ameondoka, kisha Jumapili akaenda kanisani. Tuliviuza Newtown vikiwa vimefungwa kwenye gazeti kama samaki. Thérèse, msusi mmoja wa hapa jirani, alikuwa akiwasomea wateja wake kwa sauti mlango ukiwa umefungwa, na wakitoka unawaona wanavyocheka kwa kuinamisha vichwa. Wanaume ninaosali nao Ijumaa walinunua kwa Elisée bila kujua kwamba mwandishi yuko nao safu moja. Kila Ramadhani nilisimamisha hadithi, wasomaji wakanisifu kwa ucha Mungu, nami nikazipokea sifa zile bila haya.

Hayo pekee yangetosha kunitia aibu mbele yako, lakini nisingekuandikia kwa hayo.

Wasomaji walianza kuniandikia faraghani, wengi wao wanawake. Mwandishi aliyemjua Zaina namna ile walimwona ni mtu wa kuambiwa mambo. Walinieleza yale ambayo hawakuwaambia mama zao wala masomo wao waliowafunda. Niliwajibu. Niliandika "mwanangu" na "shoga yangu," nikaandika "sisi wanawake." Nilizoea mpaka nikawa siioni tena kama hila. Na walionipa maneno mazuri, niliyachukua maneno yao nikamvika Zaina.

Mwaka jana baada ya Idi akaniandikia mmoja aliyejiita Asumini. Picha yake ilikuwa ua tu. Aliandika kwamba mumewe huzima taa kabla ya kumsogelea kwa sababu ana kovu la moto kutoka begani kushuka mgongoni, na kwamba aliwahi kumwambia kovu lile linamkata hamu. Alhamisi iliyofuata nikampa Zaina kovu la moto, na yule fundi nikamfanya akatae kuzima taa. Sijawahi kuandika sehemu iliyopendwa kama ile. Thérèse alisema mteja wake mmoja alilia nywele zikiwa nusu zimesukwa.

Naamini umeshajua ninakokwenda, Tumu. Jina nililojipa ni Bi Rehani.

Kama umeiweka barua chini, rudi uisome, nakuomba. Ni mimi. Bi Rehani hana nyumba Pangani, hana wajukuu, hajawahi kuolewa mara mbili. Ni kaka yako Naseeb, anayeshona pindo za mapazia ya watu. Kila ulichomwandikia, nilikisoma mimi.

Mwanzoni sikujua kuwa Asumini ni wewe, nakuapia kwa roho ya Baba. Nilijua ile siku ulipoandika kumshukuru Bi Rehani kwa kovu la Zaina. Nilikuwa Kensington, nimeketi nje ya duka wakati wa chakula. Uliandika kwamba uliungua ukiwa mdogo, wakati wa futari, kaka yako alipojikwaa na birika la chai. "Kaka yangu yuko Afrika Kusini," uliandika, "na sitamwambia kamwe kuwa kovu hili bado linanisumbua, maana atajiua kwa huzuni." Mwenye duka alinikuta nimeshika mkate sijauma, akaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Siku ile ndiyo ilikuwa ya kufunga ukurasa, au angalau kukujibu kwamba Bi Rehani anaumwa hawezi kuandika tena. Ndugu na dada wana mipaka yao, nawe ulikuwa umeshaniandikia mambo ambayo kaka hapaswi kuyajua hata kwa ndoto. Nilijua. Nikaendelea.

Nikuambie kwa nini, si kwa kujitetea. Nilipata nafasi ya kukuuliza jambo ambalo Naseeb asingethubutu kuuliza. Nikamfanya Bi Rehani akuulize, "Mwanangu, humlaumu huyo kaka yako?" Nilingoja jibu lako siku mbili kama mtu anayengoja hukumu. Ukajibu: "Kwa chai simlaumu, alikuwa mtoto. Namlaumu kwa kunioza kwa simu. Baba alipokufa yeye ndiye akawa walii wangu, na Bakiri ni rafiki yake wa shule. Alimwambia shehe ndiyo kutoka hukohuko aliko. Mimi hakuniuliza."

Ni kweli sikukuuliza. Nilikuwa kwenye robot, zile taa za barabarani, pale Rosettenville simu ya shehe ilipoingia, magari yananipigia honi, nikasema ndiyo, nimeridhia, nikavuka barabara.

Basi nikataka ndoa ile niliyoifunga mimi iwe nzuri, ili lawama initoke. Ndiyo maana Bi Rehani hakukuambia uzungumze na Mama, wala uende kwa wazee. Alikuambia usizime taa. Alikuambia umfanyie Bakiri kama Zaina alivyomfanyia fundi, na akakutumia sehemu za kulipia bila malipo, ujifunze. Mimi ndiye niliyekutumia, Tumu, huku nikijua natumia kwa nani. Nimetafuta jina la kitendo hicho, sijalipata.

Ukafanya. Na Bakiri akaketi kitandani akakuuliza, "Nani amekufundisha?" Hukuweza kusema umesoma hadithi, kwa aibu ya hadithi yenyewe, na kwa kumstahi Bi Rehani. Akakurudisha kwa Mama na talaka moja, na maneno kwamba una mwanamume nje. Mtaa mzima ukapata la kusema.

Mama alinipigia analia. Akanitaka mimi, kama mkubwa wako, niseme na wewe. Nami nikakupigia. Unakumbuka nilivyokuuliza, kwa ile sauti nzito ninayoiazima kwa Baba: "Tumu, nani amekufundisha mambo hayo?" Nilikuwa najua. Hakuna mtu duniani aliyejua zaidi yangu. Nilikuuliza kwa sababu Mama alikuwa anasikiliza, na kwa sababu nilitaka uendelee kunyamaza. Ukanyamaza. Nikakukemea, nikakata simu.

Saa moja haikupita, Asumini akamwandikia Bi Rehani: "Hata kaka yangu ameniuliza kama walivyoniuliza wao."

Nimeishi na sentensi hiyo wiki nne. Ijumaa iliyopita nilimaliza sala nikatoka, nikampigia Bakiri nikamwambia yote. Hakunitukana, ingekuwa nafuu. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo muda wote huo wewe ndiye ulikuwa chumbani kwangu?" Nilimjibu ndiyo. Akasema nisimpigie tena, lakini kwa Mama atakwenda kusema kwamba hukuwa na mwanamume yeyote. Kama hajaenda, ataambiwa aende. Nimempigia Ami Athumani pia, naye nimemweleza, kwa maneno machache kuliko haya.

Mama nilimwambia wa mwisho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nisimwambie mtu mwingine tena, watu watasahau tu. Niliposema tayari Ami anajua, akaweka simu. Usimkasirikie. Anaona ni afadhali kusemwa kwa binti aliyekosa kuliko kwa mtoto wa kiume anayeandika ngono. Mimi naona yeye amekosea, na wewe hukukosa.

Bakiri anaweza kutaka kukurejea kabla eda yako haijaisha. Ami ameshaniuliza mimi nasemaje. Nimemjibu kwamba mimi sina la kusema, akuulize wewe, na utakalosema nitalifuata hata likiwa ni kutokuniona tena. Ukitaka kurudi, rudi. Ukitaka kukaa, kaa, na matumizi yako na ya Mama yatakuja kama kawaida. Neno langu lilishatumika mara moja kwa ajili yako, na lilitumika vibaya.

Ukurasa nimeufuta, na ujumbe wako wote. Vijitabu vilivyobaki niliwapa wale vijana wanaokokota taka kwa mikokoteni asubuhi, wakaenda kuviuza kwa kilo pamoja na makaratasi mengine. Elisée alisikitika. Alisema, "Eish, ulikuwa na zawadi ya Mungu, umeitumia kama mwizi." Ila nikikuambia najutia kuandika nitakuwa nakudanganya tena. Nilipenda kuandika. Alhamisi jioni mikono bado inatafuta simu. Ninachojutia ni kwamba watu walinifungulia milango wakidhani mimi ni mwingine, na mmoja wao alikuwa wewe, na nilipokutambua sikutoka.

Kuna jambo moja limebaki, nalo, kuliko aibu zote, ndilo lililonizuia kuandika barua hii mapema. Kabla sijafuta ukurasa, Asumini aliandika mara ya mwisho. Alisema nyumbani hakuna anayezungumza naye, shoga zake hawaji, na mchana ni mrefu. Akaomba kama Bi Rehani atakubali aje Pangani kumtembelea siku moja, hata kwa saa moja, akae naye tu. Aliuliza ampelekee nini.

Sikumjibu. Hayupo wa kujibu. Najua, Tumu, kwamba kwa barua hii nakutoa kwenye kashfa na wakati huohuo nakunyang'anya mtu pekee uliyekuwa naye. Nilitafuta njia ya kufanya la kwanza bila la pili, sikuiona.

Nisalimie jirani yetu Bi Saida, na watoto wa Ami. Mama mwambie dawa yake nimempa Mselem pamoja na barua. Wewe sikuombi unijibu, wala sikuombi radhi kwa maandishi. Nikijaaliwa nauli mwaka ujao nitakuja kuiomba nikiwa mbele yako, ukinikubalia kuingia ndani.

Mungu akulinde.

Ni mimi kaka yako,
Naseeb