Jina la Fundi wa Daraja

Jumatano, 12 Novemba. Mvua tangu asubuhi, saa tisa alasiri giza limeshaingia.

Leo nitaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Mwezi mzima nimekuwa nikitafuta asili ya jina letu, Dumont, kwa ajili ya somo la historia. Ni jina la Kifaransa: mtu wa mlimani. Nilisoma kwamba zamani mafundi wa chuma walitoka upande wa Ubelgiji wakaja kufanya kazi Uswidi, na majina yao yakabaki. Darasani yupo Elsa Dumont, na ukoo wake ulikuja hivyo. Yaliyobaki nikayajaza mwenyewe: tawi moja lilikuja huku, jingine likaenda Kongo, likamfikia baba.

Nilimwambia kila mtu.

Bibi yake Elsa alifurahi mno. Aliniandika kwa penseli pembeni mwa mti wa ukoo wao, akanialika kwenye mkutano wa ukoo Jumamosi. Sijawahi kualikwa na ukoo hapa. Ndugu zetu wote wako mji wa Baraka, Kongo, tunawaona kwenye simu tu.

Leo nilipofika nyumbani Fisksätra, hata koti sijavua, nikamwuliza baba jina la kwanza la babu Dumont. Baba akaacha kumenya ndizi.

"Babu gani Dumont? Mzee wangu aliitwa Asukulu."

Nikakaa chini na koti langu lililolowa.

Akanieleza polepole. Kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina sita tofauti. Bibi, mama yake baba, aliposhikwa na uchungu njiani, Mbelgiji mmoja aliyekuwa akijenga daraja alimpakia garini mwake, akamwahisha hospitali. Mtoto, yaani baba, akapewa jina la Mbelgiji huyo, Dumont, kama shukrani. Baba na mama walipofika Uswidi, maofisa wa uhamiaji waliuliza jina, na baba akataja lake.

"Nilidhani wananiuliza mimi naitwa nani," akasema. "Sikujua wanamwandikia na mtoto ambaye hajazaliwa."

Mama alikuwa anacheka hadi anafuta machozi. Miaka yote hii, akasema, kumbe ni mke wa fundi wa daraja.

Mimi sikucheka. Nilivua koti, nikaingia chumbani kwangu.

Hakuna tawi. Kuna gari moja, na mwanamke mwenye uchungu ambaye hakusahau wema.

Nimeutazama mchoro wangu wa mti wa ukoo, niliouchora kwa ajili ya somo. Ni mzuri, na ni uongo. Nimeugeuza, na nyuma nimeandika Asukulu, kwa wino.

Kisha nimemwandikia Elsa kila kitu, bila kujitetea. Ameshausoma ujumbe, naona alama. Mwishoni niliuliza hivi, na jibu nalitaka leo hii:

Elsa, bibi yako atalifuta jina langu, au Jumamosi nije vilevile?